Kuchukua koodineti za shamba kwa GPS na kuzilaza kwenye ramani ya zamani

Nilikuwa Kilosa nikimsaidia mjomba kuchukua koodineti za shamba lake kabla hajamwita mpima. Pembe sita tu, kazi ya asubuhi moja. Ilitumeza siku mbili, maana tulipozilaza pembe zile juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000, shamba zima lilikuwa limehamia ng'ambo ya kijito. Mjomba ana mgogoro wa mpaka na jirani, na alipoliona shamba lake huko alikaa kimya muda mrefu. Nayaandika haya ili siku zile mbili zisimpate mtu mwingine.

Hatua ya 1: Simama palipo wazi, subiri

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza bila kukoma iko wapi na saa yake inasemaje. Mawimbi yake hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kifaa chako hupima yamechelewa kiasi gani kufika, kisha hugeuza kuchelewa huko kuwa umbali. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya kifaa ingekuwa sahihi kabisa, lakini ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshapotea mita 300. Ya nne ndiyo inayosahihisha saa.

Kila setilaiti hurudia taarifa za mahali ilipo kila baada ya sekunde 30. Mimi hukipa kifaa dakika tano kabla sijaamini chochote. Usisomee chini ya mwembe wala kando ya ukuta wa bati. Tena usihesabu setilaiti tu, tazama zimekaaje: tano zilizotawanyika angani zinafaa kuliko nane zilizorundikana upande mmoja. Shida hiyo imefika hadi mwezini. Machi 2025 kifaa kiitwacho LuGRE, cha NASA na Shirika la Anga la Italia, kilipata mahali kilipo juu ya Mwezi kwa mawimbi ya GPS na ya Galileo, setilaiti za Ulaya zinazofanya kazi hiyo hiyo. Huko setilaiti zote ziko upande mmoja, upande wa Dunia, na antena zake zimetuelekea sisi, kwa hiyo yanayofika ni mawimbi yanayopenya pembeni mwa Dunia. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka shamba lililobanwa na mlima.

Hatua ya 2: Datamu. Hapa usiende haraka

Datamu ni umbo la dunia na mahali pa kuanzia ambavyo koodineti huhesabiwa kwavyo, na koodineti bila datamu ni namba tupu. GPS hufanya kazi kwa datamu iitwayo WGS84. Ramani zetu za zamani, za Tanzania na za Kenya pia, zilichorwa kwa Arc 1960, ambayo huanza kuhesabu kutoka kwenye umbo jingine la dunia. Pembe ile ile ya shamba ikisomwa kwa datamu hizi mbili hutofautiana karibu mita 300. Kwenye ramani ya 1:50,000 hizo ni milimita sita, na milimita sita zilitosha kulivusha shamba la mjomba kijito.

Kabla ya kugusa shamba, nenda mahali panapoonekana wazi kwenye ramani: daraja, au njia panda ambayo haijahamishwa. Soma GPS hapo, linganisha na gridi, ile mistari yenye namba iliyochorwa juu ya ramani. Ikipishana mita mia tatu, tatizo ni datamu. Ikipishana kilomita nyingi, tazama kanda ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kutoa koodineti kwa mita: magharibi ya longitudo 36 ni kanda ya 36, mashariki yake ni ya 37. Dodoma iko 36, Kilosa iko 37.

Halafu kuna ile herufi. Vifaa vingine huandika 37M, na M ni mkanda wa latitudo tuliomo, haina kosa. Programu za kompyuta huandika 37S, na S hapo ni kusini. Ukiijaza S hiyo kwenye kifaa kinachotaka herufi ya mkanda, kitaisoma kama mkanda wa Syria na Iraki, kaskazini ya ikweta.

Kosa lililotula siku ya pili lilikuwa langu, kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Faili letu la WGS84 (EPSG 32737, namba ya kuutambua mfumo wa koodineti) nililibandika jina la Arc 1960 (EPSG 21037) nikidhani nimelibadilisha. Kubandika jina hakuhesabu chochote. Namba zinabaki zile zile, na kosa linabaki pale pale. Liache faili na jina lake la kweli, kisha tumia amri ya kubadilisha mfumo wa tabaka (yaani wa faili lililofunguliwa kwenye ramani), ile inayotoa faili jipya lenye namba mpya. Kama namba hazikubadilika, hujafanya kitu.

Ukibadilisha datamu kwenye kifaa, alama zilizohifadhiwa humo hubadilika zenyewe, lakini zilizoandikwa daftarini hazibadiliki. Kwa hiyo andika datamu na kanda mbele ya kila namba. Kila namba, hata kama mkono unauma.

Hatua ya 3: Pembe

Weka alama kwenye pembe za shamba moja baada ya nyingine, ukisimama dakika mbili kila pembe na kutumia wastani kama kifaa kinao. Sipendi kabisa ule mtindo wa kutembea mpakani huku simu ikichora njia. Njia hiyo hupinda kwenye kila mti. Rudi tena saa mbili baadaye, setilaiti zikiwa zimehama, usome upya.

Hatua ya 4: Eneo

QGIS itakupa. Gawa mita za mraba kwa 4,047 upate ekari.

Kwa kifaa cha mkononi tegemea kukosea mita tatu hadi tano hata palipo wazi. Hizo zinatosha kumwonyesha mpima aliyesajiliwa pa kuanzia, lakini bikoni, yaani alama rasmi za mpaka, ataziweka yeye kwa vifaa vyake. Shamba la mjomba limerudi ng'ambo yake ya kijito, na karatasi aliyompelekea mpima ina neno WGS84 mara sita.