Gari la umeme linalia: namna ya kujua kama ni mota, giaboksi au habu

Kabla hujakubali kuambiwa mota imekufa, pitia hatua hizi. Naziandika baada ya kumsaidia mwalimu mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, mwenye Nissan Leaf iliyotoka Japani. Alikuwa ameshatajiwa bei ya mota nzima na ameshaanza kukopa. Gari lilikuwa linalia kweli, tena kwa nguvu, lakini mota yake haikuwa na kosa lolote. Mifano yangu mingi ni ya Leaf kwa kuwa ndiyo ninayoishika mara kwa mara. Njia yenyewe inafaa gari lolote la umeme lenye mota moja na giaboksi ya gia moja.

Swali la kujiuliza muda wote ni hili: sauti inafuata nini? Inafuata mwendo wa gari, inafuata mguu wako kwenye eksileta, au haifuati kimojawapo? Ukilijibu hilo vizuri, nusu ya kazi imekwisha na hujashika hata spana.

Jambo la usalama kwanza. Nyaya nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa betri kubwa, ambao kwenye Leaf ni kati ya volti 350 na 400. Huo unaua. Hatua zote hapa chini hazihitaji kugusa nyaya hizo wala kufungua inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Fundi akitaka kuzifungua, hakikisha gari limezimwa, plagi ya usalama iliyoko sakafuni imetolewa, na amesubiri angalau dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Asiyejua plagi hiyo iko wapi, asiruhusiwe kufungua.

Hatua ya 1: Toa kwenye hesabu sauti ambazo gari limeumbwa nazo

Leaf ina spika mbele inayotoa sauti ya kuwaonya waenda kwa miguu. Husikika gari likiondoka na huzima ukikaribia km 30 kwa saa, kisha hurudi ukipunguza mwendo. Watu wengi huidhania mota. Pampu ya maji ya kupozea, kompresa ya AC na breki yenye mota yake nazo zina milio yao. Zima AC, simama, sikiliza. Inveta nayo hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, ndiyo maana ukipanda mlima polepole, tuseme njia ya Bugando, unasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Huo ni uzima wa gari.

Hatua ya 2: Tairi

Upepo uwe sawa pande zote. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi. Zikiwa zimelika kwa mawimbi, hamisha za mbele ziende nyuma. Sauti ikihamia nyuma, umemaliza.

Hatua ya 3: Jaribio la barabarani

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo watu wanapopotea, mafundi na wenye magari pia.

Kwanza, barabara. Mjini kati hutapata jibu. Kenyatta Road na Makongoro kuna bodaboda, honi na matuta. Mimi huwa napenda barabara ya Musoma, baada ya kuvuka Kisesa kuelekea Magu, Jumapili alfajiri. Lami ni ndefu na unaweza kushika mwendo mmoja bila kumsumbua mtu. Kwenye makazi mwisho ni km 50 kwa saa, kwa hiyo subiri uyavuke. Usifanye jaribio hili kwenye mteremko. Vioo vifungwe, redio na AC zizimwe, na vikombe vyote viondolewe milangoni. Kikombe kimoja kinachotetemeka kinatosha kukudanganya. Nenda na mtu wa pili: wewe endesha, yeye asikilize na aandike.

Shika km 60 kwa saa kwenye sehemu tambarare, kisha fanya mambo manne, kila moja peke yake.

La kwanza, kanyaga eksileta kwa nguvu kidogo. La pili, achia mguu kabisa ili gari lijivute lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Sauti ikisikika gari linapovuta tu na kupotea unapoachia, au kinyume chake, shuku meno ya gia. Meno yana nyuso mbili: moja hubeba mzigo wakati wa kuvuta, ya pili wakati wa kurudisha umeme. Uso ulioumia ndio unaolia.

La tatu, weka N (nyutro) gari likiwa bado linatembea. Breki na usukani vinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Usibonyeze kitufe cha kuzimia gari, N peke yake inatosha. Sasa mota haipati umeme wala hairudishi. Sauti ikikatika papo hapo, ilikuwa inatokana na nguvu za sumaku za mota au na gia zenye mzigo. Ikiendelea vile vile na kushuka taratibu pamoja na mwendo, shuku beringi. Lakini tahadhari: kwenye N mota bado inazungushwa na magurudumu, na sumaku zake za kudumu bado zimo ndani. Kamlio kadogo kubaki si ugonjwa. Unachotafuta ni tofauti kubwa. Rudia mara kadhaa, kwa sababu upepo wa ziwani ukivuma kwa ubavu unaficha mengi.

La nne, ukiwa umehakikisha hakuna gari mbele wala nyuma, yumbisha usukani taratibu kushoto kisha kulia. Ukikata kushoto, uzito unaenda kwenye magurudumu ya kulia. Sauti ikiongezeka hapo, shuku habu ya kulia, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi yake. Sauti ya mota haijali unakata wapi. Kuna mtego mmoja: habu iliyochoka pande zote mbili hainyamazi ukikata upande wowote, na hapo utadhani jaribio limeshindwa. Ndipo hatua ya 5 inakusaidia. Angalia pia lami inapobadilika. Sauti ikibadilika pamoja na lami, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Rekodi kwa simu

Sikio la mtu mmoja si ushahidi. Kwenye Android natumia programu ya Spectroid, inayoonyesha mlio uko kwenye hezi ngapi, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde. Bana simu isitikisike, shika km 40 kwa saa, soma namba ya mlio. Kisha 80, huko huko nje ya makazi, soma tena.

Namba ikiongezeka maradufu, mlio unatokana na kitu kinachozunguka. Ikibaki pale pale, ni inveta, pampu au kompresa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la 205/55R16 lina mzingo wa karibu mita 2. Kwa km 80 gurudumu linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Giaboksi ya Leaf ni takriban 8 kwa 1 (7.94 kwa zile za mwanzo, 8.19 kwa zilizofuata), kwa hiyo mota inazunguka kama mara 90 kwa sekunde. Ndiyo maana beringi ya gurudumu hunguruma kwa sauti nzito, na ya mota hulia kwa sauti nyembamba. Yule mwalimu alikuwa akisema "inalia", ila simu ilionyesha ngurumo iliyokuwa chini kabisa ya skrini. Mota haitoi sauti ya chini namna ile kwa mwendo ule.

Hatua ya 5: Pandisha mbele yote, weka P

Weka vizuizi nyuma, piga jeki, weka stendi imara, gari lizimwe likiwa kwenye P. P inafunga giaboksi, kwa hiyo mota haizunguki. Zungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili litazunguka kinyume kupitia difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kila mkwaruzo unaousikia sasa unatoka kwenye habu, shafti au difu. Mota imeshatoka kwenye kesi.

Weka vidole kwenye springi ya upande huo huku mwenzako anazungusha. Habu mbovu inatambaa kwenye vidole hata kama sikio halisikii kitu. Ile ya kulia ya mwalimu ilikuwa hivyo. Tulipoitoa, grisi ilikuwa imegeuka uji wa kahawia wenye kutu, na mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechanika. Mvua zilipozidi alikuwa amepita kwenye maji Mabatini.

Hatua ya 6: Ngao ya chini na maunti

Barabara zetu za mitaani zenye mawe hung'oa ngao ya plastiki iliyoko chini ya gari. Ikiondoka, mlio wa kawaida wa mota unaingia ndani na mtu anadhani umeanza jana. Kwa mwalimu, hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya kelele. Kagua pia mipira ya maunti, yaani vishikizi vya mota, na boliti zake.

Hatua ya 7: Oili ya giaboksi

Gari liwe sawasawa, fungua tundu la kujazia. Oili inatakiwa ifike ukingoni. Sumaku ya boliti ya chini ikiwa na vumbi laini kama tope, sawa. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa kucha, egesha gari hadi giaboksi ifunguliwe. Leaf inatumia Nissan Matic S. Napinga kabisa desturi ya kumimina oili nzito ya 90 "ili inyamaze". Kelele inapungua wiki chache, gia na beringi zinakosa ulainisho zilizotengenezewa, na fundi atakayefuata hataweza kusoma dalili.

Zikibaki dalili za mota peke yake, yaani mlio mwembamba unaofuata mwendo, unaobaki kwenye N, na hatua ya 5 ikawa kimya, hapo zungumzia beringi za mota. Huweza kuliwa na umeme mdogo wa inveta unaopita kwenye shafti na kuchonga mistari njiani mwa gololi. Ukiamua kununua mota iliyotumika, soma namba kwanza: EM61 ni ya Leaf za mwanzo, EM57 ni ya zilizofuata kuanzia 2013, na haziingiliani kirahisi. Mtumie muuzaji picha ya kibao cha mota yako kabla hujatuma hela.