Majina ya Kizungu yanayoishia na "son": jinsi ya kujua unamwita mwanao mwana wa nani

Wazazi wenzangu, na hasa mama kijacho mlioko wiki za mwisho mnaperuzi majina ya watoto wa kiume usiku kucha, hii nimeiandika kwa ajili yenu. Siku hizi karibu kila darasa la awali utakuta Jackson, Wilson, Nelson, Anderson, Harrison, majina mazuri na mimi nayapenda sana, ila ukimuuliza mzazi maana yake anakwambia ni jina la Kizungu tu, au anakusomea kitu alichokikuta mtandaoni ambacho nusu yake sio kweli. Na majina haya sio magumu, yana ufunguo mmoja, ukishaushika unafungua karibu yote mwenyewe.

Ufunguo ni hiyo "son". Maana yake mwana. Jackson ni mwana wa Jack, Wilson ni mwana wa Will, basi. Ni kitu kilekile watu wa pwani wanachosema Salim bin Said, Wakikuyu wanasema "wa" kama Ngũgĩ wa Thiong'o, Wakalenjin wanasema "arap" kama Daniel arap Moi. Waingereza wa zamani wengi hawakuwa na jina la ukoo, mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, mjukuu naye anabeba la baba yake yeye, yaani kama sisi Tanzania hadi leo tunavyoandika jina langu, la baba na la babu. Halafu kuanzia miaka ya 1200 hadi 1400 hivi majina yakaanza kuganda, mtu anaitwa Jackson hata kama baba yake ni Thomas, kwa sababu kuna babu wa nyuma huko aliitwa Jack. Iceland wao hawakugandisha, mpaka leo mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson na wa kike ni Jónsdóttir.

Hizi "son" zilizagaa zaidi kaskazini mwa Uingereza, kule walikohamia Waskandinavia kuanzia miaka ya 800, kwa sababu wao ndo walikuwa na mazoea hayo. Kusini na Wales wakapenda kuweka "s" tu mwishoni: Williams, Roberts, Davis, Jones, yote yana maana ileile ya "wa fulani".

Sasa yaliingiaje kuwa majina ya kwanza ya watoto? Njia moja ni familia kumpa mtoto jina la ukoo wa mama yake ili lisipotee, njia nyingine ni kumpa la mtu mkubwa. Marekani wana maraisi Jefferson, Jackson, Harrison, Wilson, watu wakawaita watoto hivyo. Nelson lilipata umaarufu kwa yule amiri wa jeshi la majini la Uingereza aliyekufa vitani Trafalgar mwaka 1805, na huku Afrika mengi tuliletewa na kanisa na shule. Mandela mwenyewe alizaliwa 1918 akiitwa Rolihlahla, hilo Nelson alipewa na mwalimu wake alipoanza shule.

Haya, tuingie kazini. Kwanza kata hiyo "son" uone kinachobaki. Hapo wengi wanakwama, maana kinachobaki mara nyingi sio jina kamili, ni kifupisho cha mtaani. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 majina yakawa machache sana, kijiji kizima ni William, Robert, Richard na John, kwa hiyo watu wakayakata na kuyageuza geuza ili kutofautishana, kama sisi tunavyosema Mudi kwa Mohamedi, Dula kwa Abdallah na Rama kwa Ramadhani. Na walipenda vina. Richard akawa Rick, kutoka Rick akawa Dick, mwingine akawa Hick, ndo maana Dickson na Hickson wote ni wana wa Richard. Robert akawa Rob, Hob, Dob, kwa hiyo Robson, Hobson na Dobson ni nyumba moja, na Robinson yumo humo humo maana Robin ni Robert mdogo. Walter alikuwa Wat, ndo Watson. Gilbert akawa Gib, ndo Gibson. David alikuwa Daw, ndo Dawson. Henry alitamkwa Harry, ndo Harrison. Nicholas ni Nick, ndo Nickson. Lawson ni Lawrence, Jefferson ni Geoffrey, Emerson ni Emery, Benson kwa kawaida ni Benedict, na Jack, ambaye watu wengi wanadhani ni Jacob, ni John! Kwa hiyo Jackson na Johnson ni ndugu wa damu. Nelson ni mwana wa Neil, jina la Kiayalandi ambalo Waskandinavia walilichukua wakaenda nalo Uingereza.

Ukishapata jina kamili ndo unatafuta maana, na maana haipo kwenye Kiingereza, ipo kwenye lugha za nyuma yake. Richard ni Kijerumani cha kale, mtawala na nguvu. William ni utashi na kofia ya vita, Robert ni sifa inayong'aa, Henry ni mtawala wa nyumba, Walter ni mtawala wa jeshi. Nicholas ni Kigiriki, ushindi wa watu. Andrew nao Wagiriki, maana yake uanaume. Benedict ni Kilatini, aliyebarikiwa, kwa hiyo kama wewe unaitwa Baraka na unataka jina la Kizungu la mwanao, Benson ndo mwana wa Baraka hasa. John ni Kiebrania, Mungu amefadhili, ni Yohana huyo huyo ambaye kwa Waislamu ni Yahya.

Mawili yananigusa zaidi. La kwanza Thompson. Thomas ni neno la Kiaramu lenye maana ya pacha, kwa hiyo Thompson ni mwana wa pacha, na kama baba wa mtoto anaitwa Kulwa au Doto basi sijui jina gani la Kizungu lingemfaa mwanae kuliko hilo (hiyo "p" ya katikati haina maana yoyote, imezaliwa mdomoni tu kwa jinsi inavyotamkwa, sawa na ya Simpson). La pili Adamson, na mwenzake Addison ambalo ni Adam aliyefupishwa. Mwana wa Adamu. Sisi tunalitamka neno hilo kila siku bila kulitazama: bin Adamu, binadamu. Mtoto anayeitwa Adamson kwa Kiswahili anaitwa Binadamu, na mimi naona hakuna jina zito kuliko hilo.

Hatua inayofuata ndo ninayoisisitiza kuliko zote, linganisha na jina la baba wa mtoto. Nitawapa la kwetu. Mdogo wangu alibatizwa Andrea, alipopata mtoto wa kwanza yeye na mkewe wakawa wameshaamua ni Jackson. Mama yetu alikuja kumlea mzazi, jioni moja anamwogesha mtoto kwenye beseni, kamshika kichwa kwa kiganja, anammwagia maji ya uvuguvugu kwa kikombe, akauliza hilo jina maana yake nini, nikamwambia mwana wa Jack. Mkono ukasimama. Akasema, "Jack ndo nani hapa nyumbani? Baba yake si Andrea yupo hapo sebuleni?" Hakuna aliyejibu. Usiku ule nikawaambia lipo jina la mwana wa Andrea, linaitwa Anderson, na mtoto ndo Anderson hadi leo, mama yetu anamwita Mwana-Andrea.

Kwa hiyo anza na baba. Baba ni Yohana: Jackson, Johnson. Petro: Peterson, au Pearson, maana Piers ni Peter wa zamani. Stefano: Stevenson. Matayo: Matheson. Daudi: Davidson, Dawson. Patrick: Patterson. Alexander: Sanderson. Moris: Morrison. Na kama baba ni Juma au Masanja au Mwakalinga hulazimiki, chukua kwa maana badala ya jina, au mpe la babu yake likae mbele.

Mitego ipo, soma hapa vizuri. Sio kila "son" ni mwana. Mason ni mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, Marekani lilishika namba 2 kwa watoto wa kiume mwaka 2011 na wengi wakadhani ni mwana wa mtu fulani. Jason ni Kigiriki, linahusiana na kuponya. Samson ni Kiebrania na ndani yake kuna jua, ni neno moja na lile la Kiarabu lililotupa Shamsa na Shamsi. Tyson mara nyingi linahusishwa na neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kijinga cha moto. Grayson ni mwana kweli, ila ni wa cheo, mwana wa msimamizi wa shamba la bwana. Na yapo ya mama, Madison wengi wanalifasiri kuwa mwana wa Maud, na Maud ni mwanamke.

Na hilo Madison ukilipeleka Marekani leo ni la msichana, lilikuwa namba 2 kwa wasichana mwaka 2001, Addison pia wanapewa zaidi wasichana, kwa hiyo kama mnaishi kule au mna mpango wa kwenda, fikirieni mtoto darasani. Dickson huku kwetu ni jina la heshima kabisa ila kule hicho kipande cha mbele kimekuwa tusi, bora mjue mapema.

Kuna wanaotaka kitu tofauti kidogo, wasisikie "son" tena. Kuna Fitz, ni "mwana wa" ya Wanormani, Fitzgerald ni mwana wa Gerald, na Fitzroy ni mwana wa mfalme, hilo alipewa Henry FitzRoy aliyezaliwa 1519, mtoto wa nje wa ndoa wa mfalme Henry VIII. Wales nako walisema "ap" au "ab" mbele, ikaja kumezwa ndani ya jina: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owain ikawa Bowen, ab Evan ikawa Bevan. Bevan ni zuri sana mdomoni, fupi, na Evan ni Yohana wa Wales, kwa hiyo baba Yohana unalo na hilo.

Mwisho ni spelingi, na tafadhali msilifanyie mzaha. Nickson na Nixon, Dickson na Dixon, Thompson na Thomson, Jackson na Jaxon, yote yanatamkwa sawa ila kwenye mfumo ni watu wawili. Binamu yangu cheti cha kuzaliwa kinasema Nickson, cha form four kinasema Nixon, kila ofisi aliyoomba kazi akarudishwa akaape kwa wakili. Chagueni moja, andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kwenda kujifungua, karatasi ikae kwenye begi la mtoto pamoja na kanga, na wakati nesi anajaza tangazo la kizazi mpeni aitazame, msimtajie kwa mdomo.