Namna ya Kutumia Visaidizi vya Kielektroniki Katika Gari la Gia za Mkono

Gari la kisasa la gia za mkono lina kompyuta zinazofanya kazi sambamba na miguu ya dereva, na kila kisaidizi kina sharti lake la kuanza kazi na wakati wake wa kuiacha. Jifunze sharti hilo kabla ya kukitegemea, kwa kuwa kisaidizi kinapoacha kazi hakisubiri klachi yako ishike.

Kisaidizi cha kuondokea mlimani ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Kihisi kinapotambua kwamba gari limesimama penye mwinuko, presha ya breki hubaki imefungiwa kwa takribani sekunde 2 baada ya mguu kuachia kanyagio, kisha hulegezwa hata kama gari bado halijaanza kwenda. Simamisha gari kabisa, kandamiza breki kwa nguvu, kanyaga klachi hadi mwisho na uingize gia ya kwanza. Inua klachi polepole mpaka uhisi injini imeelemewa kidogo na mlio wake umeshuka; hapo ndipo uhamishe mguu wa kulia kutoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta. Anayeachia breki kwanza na kuanza kutafuta klachi baadaye huzimaliza sekunde zake bure, na gari hurudi nyuma. Katika magari mengi kisaidizi hiki hufanya kazi pia unapopanda mlima kwa rivasi. Mimi humshauri kila anayejifunza aendelee kufanya mazoezi ya kuondoka kwa breki ya mkono, kwani kihisi huweza kuharibika na mwinuko mdogo huenda usitambuliwe.

Kisaidizi cha pili kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni kile cha kulinganisha mizunguko ya injini wakati wa kushusha gia, ambacho Nissan ilikiweka katika 370Z ya mwaka 2009. Tuseme gia ya nne ina uwiano wa 1.0 na ya tatu 1.4: injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika italazimika kufikia 2,800 kwa mwendo uleule wa gari. Bila msaada, ni klachi ndiyo inayoivuta injini ifike huko, na gari hushtuka. Kompyuta inayosoma mwendo na mahali ulipo mkono wa gia huongeza mafuta yenyewe ukiwa umekanyaga klachi. Kazi yako ni kukanyaga klachi hadi mwisho, kuhamisha gia bila pupa, na kuacha kugusa mafuta mpaka klachi ishike.

Hata hivyo, kompyuta hiyo haikulindi dhidi ya gia isiyo sahihi. Ukiwa kasi, ukaingiza ya pili ulipokusudia ya nne na kuachia klachi, magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini kupita kiwango chake, na hata kompyuta ikikata mafuta haitasaidia chochote, kwa sababu nguvu inayoizungusha haitokani tena na mafuta. Valvu zinaweza kupinda mara moja tu ya kosa hilo.

Mshale wa dashibodi unaopendekeza gia umewekwa kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta. Ufuate barabarani penye tambarare, lakini usiutii unapovuta mzigo au unapoteremka mlima mrefu, ambako gia ndogo huipumzisha breki. Mfumo wa kuzima injini kwenye foleni huhitaji uweke gia huru na kuondoa mguu kwenye klachi, na injini huwaka tena unapoikanyaga. Kidhibiti mwendo, yaani kile kinachodumisha kasi uliyoichagua bila wewe kukanyaga mafuta, kwa kawaida hujitoa unapokanyaga klachi, ingawa baadhi ya magari hukiruhusu kuendelea baada ya kubadili gia.

Breki ya dharura inayojifunga yenyewe haina uwezo wa kukanyaga klachi kwa niaba yako. Gari likifunga breki ghafla, kanyaga breki na klachi kwa pamoja. Ukichelewa, injini itazimika gari likiwa katikati ya njia. Ikizimika, endelea kushikilia breki, kanyaga klachi, weka gia huru, washa injini, na uangalie kioo cha nyuma kabla ya kuingiza gia ya kwanza.