Kuchagua tafsiri ya Kiingereza ya hotuba za Buddha, hatua kwa hatua

Mdogo wangu anasoma masomo ya dini chuoni. Juzi alinipigia usiku: "Kaka, nina tafsiri tatu za hotuba hiyohiyo na kila moja inasema lake. Nishike ipi?" Tuliongea mpaka salio likaisha. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo sikuwahi kumaliza.

1. Chagua mkusanyo kabla ya mfasiri

Hotuba za kale za Kipali, lugha ya kale ya India, zimo katika makusanyo makubwa manne: Digha (hotuba ndefu 34), Majjhima (za wastani, 152), Samyutta (zimepangwa kwa mada) na Anguttara (zimepangwa kwa hesabu, kuanzia moja hadi kumi na moja). Anza na Majjhima.

Wengi huanza na Dhammapada, kitabu cha mashairi ya Kipali, kwa kuwa ni fupi, beti 423 tu. Sikushauri. Ubeti mfupi ni rahisi mfasiri kuuvuta anakotaka. Ule wa kwanza, msomi Max Müller katika karne ya 19 aliufasiri kwa maana ya kwamba vyote tulivyo ni matokeo ya tuliyoyawaza. Kipali kinasema *manopubbangama dhamma*, yaani akili hutangulia mambo. Hiyo "vyote tulivyo" haimo.

2. Shika wafasiri wawili

Wa kwanza awe Bhikkhu Sujato ("Bhikkhu" maana yake mtawa), kwenye tovuti ya SuttaCentral. Amefasiri makusanyo yote manne, Kiingereza chake ni chepesi, na ameachia haki zote, kwa hiyo nakili upendavyo. Kwenye mipangilio, weka Kipali kikae sambamba na Kiingereza, mstari kwa mstari. Kwangu hilo pekee linatosha kuitanguliza tovuti hii.

Wa pili awe Bhikkhu Bodhi. Majjhima yake ya mwaka 1995 ilianza kama rasimu ya Bhikkhu Nanamoli, mtawa Mwingereza aliyefariki mwaka 1960. Bodhi akaihariri na kuiwekea maelezo. Maelezo hayo ya nyuma ndiyo hazina yenyewe. Samyutta yake ilitoka mwaka 2000, Anguttara mwaka 2012. Kwa Digha, tumia Maurice Walshe.

3. Hakikisha mnasoma hotuba ileile

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Kitabu kimoja kilinielekeza "M i 55". Nikafungua Majjhima ya Kiingereza ukurasa wa 55, sikuona kitu. Nikafungua hotuba ya 55, nikakuta habari za kula nyama. Nilichokitafuta kilikuwa hotuba ya 10, kuhusu kuweka uangalifu.

"M i 55" ni Majjhima, juzuu ya kwanza, ukurasa wa 55, wa chapa ya *Kipali* ya Pali Text Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1881. Haihusiani na kurasa za kitabu chako cha Kiingereza. Kwenye vitabu vya Bodhi, kurasa hizo za Kipali zimetiwa ndani ya matini kwa mabano ya mraba, zifuate hizo. Mtindo wa siku hizi huandika "MN 10", yaani hotuba ya kumi ya Majjhima. Ukiona namba ya Kirumi katikati, jua ni juzuu na ukurasa. Isipokuwapo, ni namba ya hotuba.

Kuna mitego mingine. SN ni Samyutta, lakini Sn yenye n ndogo ni Sutta Nipata, kitabu kingine kabisa. SN 22.59 ni sura ya 22, hotuba ya 59. Juzuu ya kwanza ya Samyutta ina chapa mbili za Kipali zenye kurasa tofauti, kwa hiyo rejeleo la zamani linaweza kukupeleka pembeni kidogo. Katika Anguttara namba zenyewe huhama: hotuba kwa Wakalama ni 3.65 kwa Bodhi na Sujato, na 3.66 kwa mfasiri mwingine, Thanissaro Bhikkhu. Usipoikuta, tazama jirani zake, kisha linganisha jina la mahali na la anayeuliza swali. Usiamini namba peke yake.

4. Tengeneza daftari la maneno

Daftari la karatasi. Safu ya kwanza iwe ya Kipali, kisha safu moja kwa kila mfasiri. *Dukkha* kwa Bodhi na Sujato ni "suffering", kwa Thanissaro ni "stress". Mdogo wangu aliposoma hilo la mwisho aliwaza msongo wa mawazo wa mitihani, na ukurasa mzima ukampotea. *Sankhara*, katika mnyororo wa kutegemeana (fundisho la jinsi jambo moja linavyozaa jingine), ni "volitional formations" kwa Bodhi, "choices" kwa Sujato, "fabrications" kwa Thanissaro. Bila safu ya Kipali utaapa kwamba ni mafundisho matatu.

Safu ya mwisho iache wazi kwa Kiswahili chako. Mimi kwenye *dukkha* niliandika "mateso", nikafuta, nikaandika "dhiki". Bado ipo kwa penseli.

5. Soma

MN 10 kwa Sujato, mara moja bila kusimama. Kesho yake MN 10 kwa Bodhi, daftari likiwa wazi.