Kutumia draivu ya DVD ya laptopu kuukuu kwa laptopu mpya

Jirani yangu hapa Kondele ana DVD za harusi yake na laptopu aliyonunua juzi haina pa kuzitia, lakini ile iliyokufa draivu yake bado ni nzima, kwa hivyo tukaitoa.

1. Toa chaja na betri, fungua ile skrubu moja chini inayoishika, ivute.

2. Angalia nyuma yake. Sehemu mbili bapa, moja pini 7 na nyingine 6, hiyo ni SATA ya laptopu, aina ya kiunganishi. Pini 50 ni IDE, aina ya zamani, inataka kava tofauti (kava ni kile kisanduku cha nje unachotia draivu ndani, kinaunga kwa laptopu mpya kwa USB). Waya wa hard disk haitaingia, upande wake wa umeme ni pini 15. Pima unene pia kwa rula, ziko za milimita 12.7 na 9.5. Nunua kava kamili, mimi sipendi zile waya za kuning'inia, ukizigusa kidogo tu disk inakatika katikati.

3. Umeme. Hapa ndipo nilipoteza jioni nzima. Taa inawaka, disk inaanza kuzunguka, halafu inazima, kompyuta inalia, draivu inapotea inarudi, nikasafisha lenzi, nikabadilisha DVD tatu, nikaamini draivu imekufa, na kumbe ilikuwa na njaa tu. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake, utaona volti 5 na ampea zake, nyingi zinafika 1.5, na inakula zaidi ile dakika inaanza kuzunguka. USB 2.0 inatoa ampea 0.5, USB 3.0 inatoa 0.9. Kwa hivyo tafuta waya ya vichwa viwili, kimoja kwa laptopu, cha pili kwa chaja ya simu ya volti 5 ampea 2. Usiunge na ekstensheni ndefu nyembamba, volti zinapungua njiani. Habu ya USB isiyo na chaja yake pia haisaidii, inagawa tu ule umeme mdogo. Na kama unataka kuchoma DVD, yaani kuandika juu yake, si kusoma tu, hicho kichwa cha pili usikiache kabisa.

4. Weka VLC, programu ya bure ya kucheza video, kwa sababu Windows 10 na 11 haziji na programu ya kucheza DVD za video. DVD za harusi kawaida hazijafungwa zisikopiwe, kopi folda yote ya VIDEO_TS, ndiyo yenye video, uweke kwa flashi ya GB 8, disk ya kawaida ni GB 4.7 inaenea. Ikikwama mahali pamoja, toa disk uipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, kisha urudie.