Kadi ya biashara Japani: usiitoe kama nauli ya daladala

Unaanza kazi Japani? Kabla ya kikao cha kwanza nunua kikasha cha kadi, cha ngozi nyeusi au kahawia kinatosha. Kadi iliyochomolewa kwenye pochi, imepinda na ina joto la mwili, inakuharibia kabla hujafungua mdomo.

Kadi huko huitwa meishi. Simama, zunguka meza (usiipitishe juu ya meza), maandishi yamtazame mpokeaji ili asome bila kuigeuza. Mgeni au mwenye cheo cha chini ndiye huanza. Taja kampuni yako kwanza, kisha jina, na uinamishe kichwa kidogo. Mkitoa kwa pamoja, yako ipite chini kidogo ya yake: mkono wa kulia unatoa, wa kushoto unapokea juu ya kikasha, halafu unaishika kwa mikono miwili. Usifunike jina wala nembo kwa kidole.

Sasa isome. Kweli isome, sekunde mbili tatu, na kama jina linakutatiza uliza hapohapo namna ya kulitamka. Kuuliza si kosa, kukosea wiki nzima ndiyo aibu. Ongeza "san" (neno la heshima, kama "Bwana" au "Bibi") mwishoni mwa jina lake, kamwe si lako.

Mkikaa, ya mkubwa wao iweke juu ya kikasha, nyingine zipange mezani kwa kufuata walivyoketi. Usiandike juu yake mbele ya mwenyewe. Na mfuko wa nyuma wa suruali usahau kabisa: utaikalia.