Somo: Mtu anaingiaje Privy Council, baraza la kumshauri Mfalme wa Uingereza

Wakuu, tusiwaze wazee waliokaa kuzunguka meza huku chai inamiminwa. Huko kikao kinafanyika watu wamesimama, Mfalme mwenyewe akiwemo.

1. Jina. Waziri Mkuu anapendekeza, Mfalme anaridhia. Hakuna fomu, hakuna usaili, Bunge halipigi kura. Ukiingia baraza la mawaziri, jina lako linapelekwa. Kiongozi wa upinzani naye hupelekwa, pamoja na majaji wa Mahakama ya Rufani. Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama Tanganyika, aliingia 2019 alipopewa cheo Hazina.

2. Kiapo. Hapa ndipo penye utamu. Unapiga goti kwenye kigoda, Biblia mkononi, unasomewa maneno ya kutunza siri za baraza. Kisha unahamia kigoda cha pili, goti tena, unagusisha midomo kwenye mkono wa Mfalme. Kugusa tu, si busu la kusikika! Asiye Mkristo hutumia kitabu cha dini yake, na asiye na dini anatoa ahadi kwa maneno tu, bila kitabu.

3. Kuitwa. Wengi wanaishia hapa. Wajumbe wamepita 700, lakini akidi ni watatu tu, na wanaoitwa ni mawaziri wachache walio madarakani. Kiongozi wa baraza anasoma vichwa vya amri, Mfalme anajibu "Approved" (yaani imeridhiwa), wanaondoka. Ushauri wenyewe ulishamalizwa wizarani.

MASWALI

Mkuu, serikali ikianguka wanatolewa?
Hapana, ni cheo cha maisha, ndiyo maana wamejaa. Jonathan Aitken, waziri wa zamani, alijiuzulu mwenyewe 1997. Elliot Morley, naye waziri wa zamani, alifutwa 2011, baada ya kufungwa kwa udanganyifu wa posho za ubunge.

Ukikosa siku ya kiapo?
Unasubiri kikao kingine. Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani wakati huo, hakufika Oktoba 2015, akaapa Novemba.

Ndio hao waliosikiliza rufaa zetu enzi za mkoloni?
Ni kamati yake ya majaji, iliyoundwa 1833. Hao wanasikiliza kesi kwelikweli, na kwao magoti hayasaidii kitu. Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria kwenye kesi ya Mau Mau waligonga mlango huo wakakataliwa. Sisi tulishatoka, ila jirani zetu wa Mauritius mpaka leo wanapeleka rufaa London.